Nchi Isiyoitwa Kujulikana: Imani, Fikra na Mpaka wa Maarifa katika Kusadikika na Kufikirika za Shaaban Robert

Uhakiki wa kazi za Shaaban Robert (1909–1962) umezoea kumtazama mwandishi huyu kama mwalimu wa maadili aliyekwisha kupata jibu kabla ya kushika kalamu. Hadithi zake husomwa kwa kuorodhesha wema na uovu unaobebwa na majina ya wahusika, kisha mlango unafungwa. Maswali kuhusu kile ambacho binadamu anaweza kukijua, na kuhusu mahali ambapo ujuzi wake unakoma na imani kushika njia, huachiwa kizazi kilichofuata, hususan Euphrase Kezilahabi na riwaya zake fupi za Nagona (1990) na Mzingile (1991). Mgawanyo huo una urahisi wake darasani: mmoja anasadiki, mwingine anashuku, mmoja ni wa mapokeo, mwingine wa udhanaishi. Hasara yake ni kwamba unamfanya muumini aonekane mtu asiyefikiri, na kuifanya shaka kuwa hati pekee ya kuingilia katika falsafa. Ikumbukwe kwamba Kezilahabi mwenyewe hakumpita mtangulizi wake kwa mbali: tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert.

Sehemu hii inajadili Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, na Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki ingawa iliandikwa miaka mingi kabla. Hoja inayotetewa ni kwamba katika kazi hizi mpaka wa maarifa hauwekwi mahali ambapo akili ya mwanadamu huchoka na Mungu kuanza. Unawekwa baina ya mtu anayejua na watu ambao maisha yao yako mikononi mwake. Swali lililozoeleka la kiepistemolojia, yaani binadamu anaweza kujua nini, linageuzwa na kuwa swali jingine: aliyejua, au anayedhani amejua, ana haki ya kutenda nini?

Kauli isiyotaja mtenda

Majina ya nchi hizi mbili yametajwa mara nyingi kuwa ni majina ya kinjozi, kisha yakaachwa hapo. Yanastahili kutazamwa kisarufi. Yote mawili yameundwa kwa kauli ya kutendeka: kusadiki limezaa kusadikika, na kufikiri limezaa kufikirika. Kauli hii ina sifa mbili zinazohusu mjadala huu. Kwanza, hubeba maana ya hali iliyokwisha kufikiwa na vilevile ya uwezekano. Mtungi uliovunjika umekwisha kuwa vigae. Mtungi unaovunjika upesi bado mzima. Nchi ya Kusadikika, basi, ni nchi inayosadikiwa au ni nchi inayoweza tu kusadikiwa? Jina halisemi, na kutosema huko si uzembe.

Pili, kauli ya kutendeka hufuta mtenda. Mtu husema mtungi umevunjwa na mtoto, lakini hasemi umevunjika na mtoto. Kwa hiyo majina haya yanatangaza imani na fikra bila kumtaja anayesadiki wala anayefikiri. Kiti cha mtenda kimeachwa wazi, na sehemu kubwa ya msuko wa kazi hizi ni ugomvi juu ya nani akalie kiti hicho: mfalme, waziri, mtabiri, mwalimu, mshtakiwa.

Kuna jambo la tatu, ambalo ni la ukimya. Kiswahili kina neno kujulikana, la kawaida kuliko hayo mawili, na mwandishi mwenye kulicheza neno kama alivyokuwa Shaaban Robert hangeshindwa kuliona. Hata hivyo hakuandika kitabu cha nchi ya Kujulikana. Ramani yake ina nchi ya yanayoweza kusadikiwa na nchi ya yanayoweza kufikiriwa. Yaliyokwisha kujulikana hayana ardhi. Ni kweli kwamba hoja inayotokana na kisichoandikwa haiwezi kubebeshwa mzigo mzito, na hapa haibebeshwi zaidi ya kuelekeza jicho kwenye matini yenyewe.

Kutoka Buruhani hadi Amini

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri. Utetezi wa Karama unachukua siku sita, na kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi kuleta maarifa, akarudi nayo, akatiwa gerezani. Wahakiki wengi wamelisoma hili kama fumbo la utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi kadiri unavyokwenda. Mwandishi alikuwa karani katika utumishi wa serikali ya kikoloni, na hakuhitaji kusafiri mbali ili kuona ushauri wa mwenyeji ukitupwa kapuni. Usomaji huo, hata hivyo, hauelezi kwa nini utetezi umejengwa namna hii. Mshtakiwa ambaye shingo yake iko hatarini angetarajiwa kutetea elimu ya sheria kwa kueleza faida za sheria. Karama anasimulia safari ambazo hakuzisafiri yeye.

Anachokiweka mbele ya baraza ni ushahidi wa kupokea. Hapa utamaduni wa kielimu wa pwani, ambamo mwandishi huyu Mwislamu alilelewa, unatoa msaada kuliko nadharia za mbali. Katika elimu ya hadithi za Mtume, habari hupimwa kwa mlolongo wa wapokezi: nani alisikia kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Uaminifu wa msemaji ni sehemu ya uthibitisho wa neno. Kitenzi kusadiki kimetokana na shina la Kiarabu linalohusu ukweli wa mtu katika usemi wake, na neno sadaka ni ndugu wa shina hilohilo. Kusadiki, kwa maana hii, ni kumpokea mtu kabla ya kuipokea kauli. Baraza la Kusadikika halikukosa habari. Habari zililetwa mara sita. Lilikosa uwezo wa kumsadiki aliyezileta, kwa kuwa kumsadiki kungelitaka libadilike.

Mpangilio wa wajumbe unathibitisha kwamba jambo hili si la bahati. Wa kwanza kutumwa ni Buruhani, jina ambalo maana yake ni hoja au uthibitisho. Wa mwisho ni Amini. Kati yao wako Fadhili, Kabuli, Auni na Ridhaa. Msomaji aliyezoea kuamini kwamba imani huanzia pale hoja zinapokwisha ataona mpangilio huu unamfaa: hoja mbele, imani nyuma. Lakini mwandishi amemtuma Ridhaa mbinguni, na Amini amemtuma ardhini. Mwenye jina la imani hakupelekwa juu. Amepelekwa chini, kwa watu na udongo wao, na maarifa anayorudi nayo ni ya kutumiwa na wanaoishi. Na anaporudi anafungwa sawasawa na Buruhani. Gereza la Kusadikika halibagui baina ya hoja na imani. Linawachukua wote wawili kwa kosa moja la kuleta jambo ambalo wenye madaraka hawakulijua wao kwanza.

Hapa ndipo fasiri ya kuwagawa Shaaban Robert na Kezilahabi kwa mstari wa imani na shaka inapoanza kupwaya. Adui wa maarifa katika hadithi hii hana shaka wala hana imani. Majivuno ana uyakini. Hajifunzi kitu kwa siku sita za utetezi kwa sababu hana nafasi tupu ya kujifunzia. Karama, kwa upande wake, hadai kujua kwa macho yake hata safari moja. Anachodai ni kwamba wapo waliojua na wako gerezani, waulizwe. Hatimaye ni kufunguliwa kwao kunakokamilisha utetezi.

Kundi la sita

Kufikirika ni kazi ngumu zaidi kuliko inavyosifiwa, na ugumu wake umefichwa na sura yake ya kimasimulizi. Mfalme na malkia hawana mtoto. Wataalamu wa nchi wanaitwa kwa makundi: wa mizizi, wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo, wa mashetani. Wote wanashindwa. Linakuja kundi la sita, la watabiri, nalo linabashiri kwamba mtoto wa kiume atazaliwa.

Uhakiki wa kawaida huliona hili kama shambulio dhidi ya ushirikina. Kwa makundi matano ya kwanza usomaji huo unatosha. Kwa kundi la sita hautoshi hata kidogo, kwa sababu utabiri unatimia. Mtoto anazaliwa, anakua, anasomeshwa, kisha anaugua. Kama lengo lingekuwa kuthibitisha kwamba waganga ni waongo, njia fupi ingekuwa kulishindisha kundi la sita pamoja na matano yaliyotangulia. Mwandishi ameacha njia fupi akachukua njia yenye miiba: ameruhusu ujuzi mmoja ufaulu, na katika huo uliofaulu ndimo alimoweka hatari. Kwa maana utabiri haukuishia kwenye habari ya mtoto. Ulidai kwamba ugonjwa wake utaponywa kwa kafara ya binadamu wawili, mwerevu na mjinga.

Waganga walioshindwa hawakumwua mtu. Walitumia mizizi, wakazingua, wakaandika hirizi, mali ya mfalme ikapotea, basi. Aliyefaulu ndiye anayetaka damu. Katika muundo huu kuna tahadhari ambayo fasihi ya Kiswahili ya kizazi hicho haikuitoa mahali pengine kwa ukali kama huu: kwamba ujuzi uliokwisha kuthibitishwa mara moja hupata mamlaka ya kuaminiwa katika mambo mengine yasiyothibitishwa. Watabiri walisema kweli juu ya uzazi. Kwa hiyo wanasadikiwa juu ya tiba. Hatua baina ya kauli hizi mbili ndiyo inayopaswa kuchunguzwa, na ndiyo ambayo watu wa nchi iliyopewa jina la fikra hawaichunguzi kwa wakati. Kauli ya kwanza ni habari: litatokea jambo fulani. Kauli ya pili ni amri iliyovaa nguo za habari: ili jambo fulani litokee, fulani na fulani wafe.

Kuhusu neno kafara, tofauti yake na sadaka inafaa kukumbukwa. Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji. Kafara pia, katika asili yake ya kidini, ni mzigo wa mwenye kosa mwenyewe: hufunga yeye, hulisha maskini yeye. Kafara inayotakiwa Kufikirika inalipwa kwa maisha ya watu wasiohusika, mwana wa mfalme apone. Kwa hiyo si kweli kwamba dini ndiyo inayolaumiwa hapa. Kilichopotoshwa ni neno la kidini, na hukumu dhidi ya upotoshaji huo inaweza kutolewa kutoka ndani ya dini yenyewe.

Wanaotakiwa kuuawa wamechaguliwa kwa makini. Mwerevu na mjinga ni ncha mbili za kipimo cha maarifa. Baina yao wamo binadamu wote. Jina la Utubusara Ujingahasara, mwalimu wa mwana wa mfalme, linazifunga ncha hizo katika mwili mmoja, na mwandishi anamtumia kuonyesha kwamba anayeitwa mjinga na anayeitwa mwerevu hawatenganishiki kwa urahisi ambao kafara ingeutaka. Ili kumpata mjinga wa kuchinja, lazima awepo mtu mwenye ujuzi wa kutosha wa kuthibitisha kwamba huyu ni mjinga. Ujuzi huo hakuna aliye nao. Mabishano ya kisheria yanayofuata yamechosha wasomaji wengi kwa urefu wake, na ni haki kukiri kwamba kuna kurasa ambazo hoja inazunguka palepale. Lakini urefu huo ndio uhai wa washtakiwa. Kadiri watu wanavyoendelea kubishana, kisu hakijashuka.

Msomaji wa Tanzania wa karne ya 21 hawezi kuzisoma kurasa hizi kama ngano. Mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliyotikisa nchi kuanzia miaka ya mwisho ya 2000, na mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, yalifuata mantiki ileile ya kundi la sita: mpiga ramli anayesifiwa kwamba amewahi kuona, mteja anayemsadiki kwa jambo lililopita, na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Lugha ya serikali na ya magazeti ililipatia jambo hilo jina la ramli chonganishi. Shaaban Robert hakutabiri mauaji hayo, na haitakuwa heshima kwa mwandishi huyu kumfanya mtabiri. Alichokifanya ni kuonyesha kwamba mjadala juu ya kama ramli ni kweli au uongo hauwezi peke yake kumwokoa anayewindwa. Hata ingekuwa kweli, isingeruhusiwa. Hoja inayosubiri kwanza sayansi ithibitishe uongo wa mganga imekwisha kumruhusu mganga siku atakapobahatisha.

Kazi hii ina upungufu unaogusa hoja yake yenyewe. Makundi yote sita ya wataalamu yanaitwa kwa ajili ya uzazi, na mwili unaohusika zaidi na uzazi huo ni wa malkia. Lakini sauti yake ni ndogo mno kulinganisha na ya mfalme. Mwandishi aliyeona wazi kwamba mwerevu na mjinga lazima wasikilizwe kabla ya kuchinjwa hakuona kwa uwazi uleule kwamba mwanamke alipaswa kusikilizwa kabla ya kutibiwa. Kumtetea kwa kusema kwamba zama zake zilikuwa hivyo hakusaidii, kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyemwandikia Siti binti Saad wasifu.

Muumini na sauti ya shaka

Miongoni mwa wanazuoni wa pwani, jibu la suala zito la kidini hufungwa kwa maneno yanayokiri kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Maneno hayo yana matumizi mawili yasiyolingana. Mwanazuoni aliyetafuta, akapima dalili, akatoa rai yake, huyaweka mwishoni ili kuacha nafasi ya kukosolewa. Mtu aliyechoka kuulizwa huyaweka mwanzoni ili kuzuia maswali. Imani inayopatikana katika kazi zilizojadiliwa ni ya namna ya kwanza. Inakiri mpaka baada ya kufanya kazi, na kukiri kwake kunamlinda mtu mwingine. Kwa sababu hiyo inatofautiana na utafutaji wa Nagona, ambamo msimulizi huanza safari akiwa peke yake na mpaka wa maarifa humkuta ndani ya nafsi yake, kama upweke na kama maumivu. Shaaban Robert hana upweke huo. Kwake daima lipo baraza, yupo mshtakiwa, upo muda wa siku kadhaa wa kusema. Si lazima mmoja awe na kina kuliko mwingine. Wameuchukua mpaka mmoja wakautazama kutoka pande mbili, mmoja upande wa anayetaka kujua, mwingine upande wa anayeathiriwa na waliojua.

Wale wanaosisitiza kwamba mwandishi wa Kusadikika hakuwahi kusumbuliwa na shaka wana kitabu kimoja cha kukieleza. Mwaka 1952, mwaka mmoja tu baada ya hadithi hiyo kutoka, ilitoka tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, aliyoifanya kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Khayyam wa historia alikuwa mwanahisabati na mwanafalaki wa Nishapur ambaye, baada ya kuitatua milinganyo ya daraja la tatu kwa njia ya jiometri, alikiri kwa maandishi kwamba kuitatua kwa hesabu tupu kulimshinda yeye na waliomtangulia, na akawaachia watakaokuja. Khayyam wa FitzGerald ni mwingine: mnywaji wa divai anayewacheka wanazuoni kwa kujifanya wanajua siri ya kuumbwa na ya kufa. Tafsiri hii huwekwa pembeni katika tahakiki, kama mgeni aliyepita nyumbani kwa mtu mcha Mungu. Lakini kutafsiri ushairi ni kukaa na sauti ya mwingine kwa miezi, kuipima neno kwa neno, kuitafutia mizani na vina katika lugha ya mama. Hakuna aliyemlazimisha Shaaban Robert kuichagua kazi hiyo kati ya mashairi yote ya Kiingereza yaliyokuwa mbele yake. Sauti ya shaka aliisikia kwa karibu, akaipatia Kiswahili kizuri, na haikumzuia kuendelea kuswali.